Binti Anayetaka Kupanda Juu ya Paa

Ilikuwa jioni ya mwezi wa Saba, upepo wa Ufipa unapenya hadi kwenye mifupa. Tulikuwa akina mama watatu hapa Izia, mjini Sumbawanga, tumezunguka jiko la mkaa kwa jirani yetu tukichambua maharage. Binti yake wa pili, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, akaingia.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanetu. Habari za kushinda?"

Hakujibu habari za kushinda. Alikunjua karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Ilikuwa orodha ya mahitaji ya mafunzo mafupi ya ufundi wa umeme wa jua: ada, nauli, ovaroli, buti, koleo, bisibisi na mita ya kupimia umeme. Alitaka tumsaidie kumsemea kwa baba yake.

Mama yake akatugeukia. "Wenzangu, ninyi mnaonaje?"

Nasi tukasema yale ambayo akina mama husema. Tukasema umeme ni kazi ya wanaume. Tukauliza atapandaje juu ya paa na sketi, na watu wapo chini wanatazama. Tukasema fundi wa kike atapata taabu ya kuolewa. Tukashauri asomee kushona. Mama yake alitusikiliza, kwa kuwa anatuheshimu. Fedha za maharage za mwaka ule zikanunua bati, na binti akaenda Tunduma kuuza duka la watu.

Baada ya miaka miwili, sola ya nyumba ile ile ilikufa. Fundi aliyeifunga alikwisha kuhama mji. Jirani yetu alizunguka mitaa mitatu akitafuta mtu wa kuitazama, asimpate. Watoto wakarudi kusomea koroboi. Usiku mmoja alituambia taratibu, bila lawama, "Mnaikumbuka ile karatasi?"

Tunaikumbuka. Makala haya tunayaandika kwa sababu ya karatasi ile.

KAZI IPO

Mama msomaji, huenda unafikiri tunazungumzia kazi ndogo ya kubahatisha. Sivyo. Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, IRENA, lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 16.2 duniani walikuwa wakiishi kwa kazi za nishati jadidifu, yaani nishati isiyokwisha kama ya jua, upepo, maji na samadi. Karibu nusu yao walikuwa China. Afrika nzima, pamoja na jua lake lote, ilikuwa na watu wapatao laki tatu na kidogo tu. Utafiti mwingine wa shirika hilo, wa mwaka 2019, ulionyesha kwamba katika kila wafanyakazi 100 wa nishati hiyo, wanawake ni 32.

Hapa nchini mambo yanakwenda mbele. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa zenye uwezo wa megawati 2,115, na mashine ya mwisho iliwashwa mwaka 2025. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, umepeleka nyaya vijijini kote. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kupikia kwa nishati safi, ambao unataka asilimia 80 ya Watanzania waiache moshi ifikapo mwaka 2034.

Lakini sisi wa Rukwa tunajua kwamba nguzo kufika kijijini si sawa na taa kuwaka katika kila kitongoji. Mji wetu wenyewe uliwahi kuishi kwa jenereta za dizeli, kisha kwa miaka mingi ukapata umeme kutoka Zambia. Ukishuka bonde la Ziwa Rukwa, au ukielekea mwambao wa Ziwa Tanganyika, utaona vipande vya sola juu ya nyasi na juu ya bati. Kila kipande kilihitaji mtu wa kukifunga, na siku moja kitahitaji mtu wa kukitengeneza. Je, mtu huyo ni nani? Kwa nini si mwanao?

WAZEE WETU WALIUJUA UPEPO

Kuna wanaosema kwamba mambo haya ni ya wageni. Wamesahau historia ya Ufipa. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, wazee wetu waliyeyusha chuma kwa matanuru marefu ya udongo, yaliyopita kimo cha mtu, ambayo waliyaita malungu. Tanuru kubwa halikuvukutwa. Lilijengwa na kutobolewa kwa namna ambayo hewa ilijivuta yenyewe kutoka chini, ikakoleza moto wa mkaa. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye tanuru dogo la kusafishia chuma. Ilikuwa elimu kubwa ya hewa na moto, na vijana waliipata kwa kukaa na mafundi, wakitumwa na kutazama, hadi nao wakaaminiwa.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Kazi ile ilikuwa ya wanaume, na wakati wa kuyeyusha walijitenga na wake zao. Kwa hiyo ule usemi wetu wa "hiyo si kazi ya mwanamke" hatukuutoa hewani. Tuliurithi. Chuma kile kilipokoma, matanuru yakabaki magofu porini, lakini mwiko ukahamia kwenye nyaya.

VIZUIZI VITANO

Tangu ile siku ya koroboi tumekuwa tukiwauliza vijana wetu: ni nini hasa kinachowazuia? Tumesikia mengi, nasi tunayaweka katika mafungu matano.

Cha kwanza ni sisi wazazi. Tunamwona mtoto aliyekwenda ufundi kama aliyeshindwa shule. Tunauza ng'ombe ili mtoto akae chuoni miaka mitatu akitafuta kazi ya ofisini, lakini hatutoi kuku kumnunulia bisibisi. Kwa binti ni zaidi. Kaka yake akifungua redio na kuiharibu, tunacheka na kusema atakuwa fundi. Yeye akiigusa, tunamwita akaoshe vyombo.

Cha pili ni umbali na gharama. Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha mafunzo ya nishati jadidifu huko Kikuletwa, wilayani Hai. Ni jambo jema, lakini kutoka Sumbawanga ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Afadhali sasa mkoa wetu nao una chuo cha VETA, kilichojengwa miaka ya karibuni pamoja na vya Geita, Simiyu na Njombe. Hata hivyo mtoto wa kijijini bado anahitaji ada, chakula na mahali pa kulala penye usalama. Kwa binti, hapo pa kulala ndipo mara nyingi baba anaposema hapana, na hatuwezi kumlaumu kwa kuogopa.

Cha tatu ni karatasi. Mtu anayefanya kazi ya kufunga umeme kama biashara anapaswa kuwa na leseni ya EWURA, na leseni hutaka cheti. Sheria hiyo ni nzuri, maana umeme unaua. Lakini wapo vijana waliojifunza mtaani kwa miaka mingi, wanafanya kazi safi, na hawana hata karatasi moja. Wengi hawajui kwamba VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi wa mtaani hupimwa, hujazwa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti bila kuanza darasa la mwanzo.

Cha nne ni zana na mtaji. Kijana anatoka chuoni ana cheti lakini hana ngazi, hana mita ya kupimia, hana paneli hata moja ya kuonyesha. Benki inataka dhamana, naye hana kiwanja. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka wa fedha 2024/25. Lakini hutolewa kwa vikundi, na kijana aliye peke yake haipati.

Cha tano ni bidhaa mbovu. Paneli imeandikwa wati 100 na ndani haifiki hata nusu. Betri inakufa kabla ya mavuno yanayofuata. Mwenye duka haonekani, ila fundi anaonekana, na lawama zote zinamwangukia. Kijana mmoja alituambia kwamba aliiacha kazi hii baada ya kuitwa mwizi mbele ya watu kwa ajili ya betri ambayo hakuiuza yeye.

HESABU YA TAA NNE

Wengine husema, "Kufunga sola kuna elimu gani? Si kuunga nyaya tu?" Tuangalie hesabu ndogo, uone kwa nini mwanao anahitaji kufundishwa.

Chukua nyumba yenye taa nne za wati 5. Zikiwaka saa tano kila usiku, zimetumia wati 5 mara 4 mara 5, yaani wati-saa 100. Paneli ya wati 50 ikipata jua zuri kwa saa nne itatoa wati-saa 200. Hata ukitoa kinachopotea njiani, taa zitawaka na simu zitachajiwa. Sasa baba watoto ananunua televisheni ya wati 40, inatazamwa saa nne. Hiyo peke yake ni wati-saa 160. Jumla imekuwa 260, na paneli inatoa 200. Betri inakamuliwa kila usiku bila kujazwa. Betri ya tindikali ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu hufa mapema, nasi tunasema tumerogwa au tumeibiwa.

Fundi aliyefundishwa atakuuliza kwanza una taa ngapi, na una mpango wa kununua nini mwakani. Atajua kwamba hapa kwetu, kusini mwa ikweta, paneli huinamishwa kidogo kuelekea kaskazini, na kwamba mwinamo huo huisaidia mvua kuosha vumbi. Ataiepusha na kivuli cha mparachichi. Ataiweka betri mbali na mikono ya watoto. Na ukitaka mtambo wa bayogesi kwa samadi ya ng'ombe wako, atakuambia ukweli kwamba baridi ya Ufipa hupunguza gesi, hivyo ni lazima hesabu yake iwe tofauti na ya mtu wa bondeni. Hiyo ndiyo elimu tuliyomnyima binti wa jirani yetu.

MTOTO ALIYEITWA MWENDAWAZIMU

Nchini Malawi, wilaya ya Kasungu, alikuwako mvulana aitwaye William Kamkwamba. Njaa ya miaka ya 2001 na 2002 iliwamaliza wazazi wake, wakulima kama sisi, na wakashindwa kumlipia ada ya sekondari. Alikuwa na miaka 14. Akawa anakwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi, akitazama picha za vitabu vya sayansi, kwa maana Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Katika kitabu kimoja aliona kinu cha upepo.

Akaanza kuokota vyuma kwenye jalala: pangaboi la trekta, fremu ya baiskeli, mabomba ya plastiki aliyoyapasha moto na kuyanyoosha. Watu walisema amerukwa na akili, na mama yake alikuwa na wasiwasi kama ambavyo mama yeyote angekuwa. Dinamo hakuwa na fedha ya kuinunua. Rafiki yake, mtoto wa chifu, ndiye aliyemlipia. Akasimamisha mnara wa miti ya mkaratusi, upepo ukavuma, na balbu ikawaka mbele ya wale waliokuwa wakimcheka. Mwaka 2007 alikuwa Arusha, hapa Tanzania, amealikwa kuwasimulia watu wa mataifa mbalimbali. Mwaka 2014 alihitimu chuo kikuu cha Dartmouth, Marekani.

Si kila mtoto atafika Marekani, wala hatukuahidi hivyo. Tunachokiona sisi ni hiki: alizuiwa na ada, na zana, na maneno ya watu, vizuizi vile vile vya hapa Izia. Kilichomvusha ni maktaba iliyokuwa wazi, rafiki aliyetoa fedha ndogo, na wazazi ambao, pamoja na wasiwasi wao, hawakuvitupa vile vyuma.

MABIBI WA UNGUJA

Mfano wa pili uko nyumbani. Huko Kinyasini, Kaskazini Unguja, kuna kituo cha Barefoot kilichofunguliwa mwaka 2015. Hufundisha wanawake wa vijijini, wengi wao akina mama wa makamo na mabibi, na wengine hawajui kusoma. Kwa muda wa miezi kadhaa hujifunza kwa rangi na kwa vitendo kuunganisha na kutengeneza sola, kisha hurudi kuwasha vijiji vyao. Kabla ya hapo akina mama wa Tanzania walipelekwa hadi Tilonia, India, ambako kazi hiyo ilianzia.

Mwanzilishi wake, Bunker Roy, alieleza wazi kwa nini anawachagua mabibi badala ya vijana: kijana akipata cheti hukimbilia mjini, bibi hubaki kijijini. Neno hilo lilituchoma. Lakini tulipolitafakari tuliona kwamba lina pande mbili. Yule bibi habaki kwa sababu ya uzee tu. Kijiji chenyewe kilimchagua, na nyumba zinazotumia sola huchangia kidogo kila mwezi ili naye apate chochote kwa kazi ya kuzitunza.

Kijana wetu je? Hapa Ufipa fedha huonekana baada ya mavuno. Kuanzia mwezi wa Sita watu wanauza mahindi na maharage, wananunua sola, fundi anaitwa kila upande. Ikifika mwezi wa Kumi na Mbili hakuna anayemwita, naye anakula nini? Anapanda basi kwenda Mbeya. Kisha tunasema vijana hawatulii.

MAMA AFANYE NINI?

Yapo ya Serikali na ya vyuo, nayo tuyadai. Bidhaa mbovu ni kazi ya Shirika la Viwango, TBS, na fundi asibebeshwe mzigo huo. Lakini yapo yaliyo mikononi mwetu, nayo tunaweza kuyaanza mwezi huu.

1. Mpe mtoto nafasi ya kugusa. Taa mbovu, redio mbovu, tochi iliyokufa, usitupe. Mwache aifungue, binti na mvulana sawasawa. Umeme wa nyaya za ukutani asiuguse bila fundi.

2. Nenda mwenyewe chuoni. Uliza ada, uliza bweni, uliza nani analinda wasichana usiku. Baba akisikia majibu kutoka kwa mama aliyeona kwa macho, hofu yake hupungua.

3. Panda na ngazi suala la mavazi. Ovaroli na buti ni vazi la kazi kama gauni la muuguzi. Mkiwa wazazi mmelikubali nyumbani, maneno ya barabarani hayatakuwa na nguvu.

4. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa kinunue zana za pamoja: ngazi moja, mita moja, koleo nzuri. Kijana azikodi kwa bei ndogo mpaka apate zake. Wasaidieni pia vijana kuandikisha kikundi chao ili wafikie mkopo wa halmashauri.

5. Nyumba kumi zenye sola zikubaliane na fundi mmoja kijana. Kila nyumba itoe kiasi kidogo kila mwezi, naye apite kukagua betri na kufuta paneli. Hapo atakuwa na chakula hata mwezi wa Kumi na Mbili.

6. Fundi wa mtaani asiye na cheti, mwelekezeni VETA akaulize habari za kurasimisha ujuzi wake.

KARATASI ILE

Mwezi uliopita binti wa jirani yetu alikuja kusalimia kutoka Tunduma. Amekua. Tulikaa jikoni pale pale, na sisi watatu tulikuwa tumekubaliana tumwombe radhi. Si jambo la kawaida kwa watu wazima kumwomba radhi mtoto, na maneno yalikuwa mazito kutoka. Alitazama chini muda mrefu. Kisha akasema, "Yameisha, mama zangu. Lakini mimi sasa nina miaka ishirini na mmoja, na tajiri wangu hatanishikia kazi miezi mingine. Nikiacha duka halafu ada ikakosekana katikati, nitarudi wapi?"

Hatukuwa na jibu tayari. Tulimwomba atupe mpaka mwisho wa mavuno. Tangu siku ile tumefungua daftari dogo, na kila Jumamosi sisi watatu tunaweka humo tulichopata. Juu ya ukurasa wa kwanza tumenakili orodha yake: ada, nauli, ovaroli, buti, koleo, bisibisi, mita. Koleo na bisibisi tumekwisha kununua. Baba yake aliziona mezani, akazishika, akauliza ni za nani.

Mama yake akamjibu, "Za binti yako."

Hakusema neno. Lakini hakuziondoa mezani.